Nimekufa Nchi Zote Isipokuwa Hii

Kama gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia sabuni dukani kabla hujanisoma, nakurudisha nyuma kidogo tu, halafu twende.

Mimi ni mke wa mtu. Mume wangu aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda nje kufanya kazi ya kuchomelea vyuma. Aliniacha nyumbani kwao na mama yake, dada yake, na binti yetu wa pekee tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mwaka wa kwanza alipiga simu za picha. Wa pili zikawa za sauti tu. Wa tatu akawa anampigia dada yake, mimi napelekewa salamu kama jirani.

Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro. Watu wanaotengeneza tovuti hutuletea anwani, sisi tunaangalia kama zinafunguka sehemu mbalimbali za dunia. Hatusafiri. Tumekodi kompyuta zilizowekwa miji mingi. Unachagua mji, unabonyeza, unaona kile anachokiona mtu aliyekaa kule. Kuna tovuti zinawakubali watu wa nchi za baridi na kuwagomea watu wa nchi za joto. Ndiyo maana kazi ipo.

Niliishia pale nilipochagua mji mmoja wa mbali wenye mtandao wa kusuasua, picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu. Paji la uso. Nyusi. Macho. Pua. Ilipofika mdomoni nikajua kuwa ule mdomo ni wangu.

Chini ya picha palikuwa na mshumaa. Chini ya mshumaa palikuwa na neno moja.

Marehemu.

Nilibonyeza mji mwingine. Nikajikuta marehemu. Nikajaribu kisiwa kimoja ambacho hata kwenye ramani hukioni bila kuinama. Marehemu. Nikajaribu upande wa jangwani, upande wa theluji, kote ninatabasamu juu ya mshumaa, na kote nimekufa.

Picha niliijua. Tulipiga siku tulipohamia chumba chetu cha kwanza. Mume wangu alikuwa amenishika bega. Sasa mkono wake ulikuwa umekatwa, umebaki ukucha mmoja tu pembeni ya blauzi yangu.

Maneno yalikuwa yake. Namjua anavyoandika, hajui kuweka nukta.

"Mke wangu mpendwa uliniacha ghafla kwa maradhi mafupi umeniachia binti mmoja nawashukuru ndugu na marafiki wa huku mlionifariji sasa najiandaa kumleta mwanangu aanze maisha mapya."

Nikasoma tena pale mwisho. Kumleta mwanangu.

Wiki ile Chiriku alikuwa anajiandaa kwenda kwa baba yake. Likizo tu, niliambiwa. Wifi yangu angempeleka na kumrudisha. Nilikuwa nimekubali mwenyewe, tena kwa furaha, nikaona ndoa yangu inaanza kupumua.

"Mama Chiriku, huyo si wewe?"

Nilishtuka. Nyuma yangu alikuwa amesimama mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Antena kwa sababu hakuna neno linalopita ofisini bila yeye kulinasa.

"Ndiye mimi."

"Mbona umekufa?"

"Hata mimi nauliza."

Akavuta kiti. Tukashuka chini kwenye ukurasa, sehemu ya salamu za pole. Zilikuwa nyingi, kutoka kwa watu wa kwetu wanaoishi kule. Pole kaka. Jikaze kiume. Mungu amlaze pema. Halafu tukakuta ya mwanamke mmoja.

"Dada, sikukufahamu, lakini naahidi mbele ya watu wote. Mtoto wako nitamlea kama wangu, na picha yako haitatoka ukutani."

Antena akanitazama. Nilitaka kumchukia yule mwanamke, chuki ikakataa kuja. Angeniandikia mtu maneno kama yale nikiwa nimekufa kweli, ningelala kwa amani.

Kwenye kazi yenyewe, watengenezaji walikuwa wameandika masharti ya mteja wao: ukurasa ufunguke nje kote, ila hapa nchini usifunguke kabisa. Nikachukua kompyuta ya kawaida, nikaingiza anwani. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaleta jibu: ukurasa haupatikani.

Hapo ndipo nilipoielewa akili ya mume wangu. Ningeweza kuishi hapa hadi nizeeke, nikinunua nyanya na kubishana na makondakta, bila kujua kwamba kwingine kote nimeshazikwa na kusahaulika. Alijua nafanya kazi ofisini. Hakuwahi kuuliza ofisi yenyewe inafanya nini.

Nikaenda kwa bosi. Bosi wetu anaitwa Mfalme, kwa kuwa kila sentensi yake ina maneno "mteja ni mfalme".

"Bosi, kuna tatizo kwenye kazi ya asubuhi."

"Haifunguki?"

"Inafunguka. Lakini huyo marehemu ni mimi."

Akainua kichwa. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha. Nikaona amenitambua. Nikaona pia anatafuta namna ya kutonitambua.

"Nje inafunguka?"

"Bosi, wamesema nimekufa!"

"Nimesikia. Nje inafunguka?"

"Inafunguka."

"Na hapa?"

"Haifunguki."

"Basi andika hivyo." Akashusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Sisi hatuulizi tovuti inasema nini. Siku tukianza kuuliza, hakuna atakayetuletea kazi, na humu ndani kuna watu wanane wenye watoto. Mambo ya ndoa kayamalize nyumbani. Mteja ni mfalme."

Nikarudi mezani. Nikaandika: nje, inafunguka, hapa, haifunguki. Nikaweka jina langu chini. Niseme ukweli, wasomaji wangu, sikulazimishwa kwa bunduki. Nililazimishwa na kodi ya nyumba na ada ya shule. Hata hivyo mkono ulikuwa wangu, na kifo nilichokipitisha kilikuwa changu.

Antena alikuwa ananisubiri.

"Mwandikie yule mwanamke," akasema.

"Nitamwandikiaje? Kompyuta zetu za nje zina macho, hazina mikono. Tunaangalia tu."

"Dada yangu anaishi kule. Kwake ukurasa unafunguka. Nipe maneno, aandike kwenye salamu za pole."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikamwambia aandike: "Mimi ndiye mwenye picha. Niko hai. Namba yangu ni hii."

Dada yake hakuuliza swali hata moja. Akaandika. Tukabonyeza mji wake, tukauona ujumbe wangu umekaa chini ya zile pole, mfupi, kama mtu aliyeingia msibani na nguo nyekundu. Antena akaupiga picha ukurasa mzima akanitumia kwenye simu.

Nikashusha pumzi. Nikajisemea, sasa uongo umekwisha.

Antena akabonyeza tena. Ujumbe haukuwepo. Na juu kabisa, chini ya mshumaa, palikuwa pameongezwa maneno mapya.

"Tahadhari marehemu mke wangu alikuwa na pacha wake ambaye ni mgonjwa wa akili kwa miaka mingi tangu msiba amekuwa akidai kuwa yeye ndiye marehemu tafadhali msimjibu mnaongeza maumivu ya familia."

Nilisoma mpaka macho yakauma. Mimi nimezaliwa peke yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mmoja kama wewe ananitosha.

"Kaka huyu," Antena akasema taratibu, "ni hatari."

"Kwa hiyo nikinyamaza nimekufa. Nikisema, mimi ni kichaa."

Antena akanisogezea mkoba wangu.

Nikachukua mkoba. Nikamwambia Mfalme tumbo linauma. Nikashuka ngazi mbio, nikapita katikati ya magodoro, nikaenda nyumbani. Nilikuwa na wazo moja tu: nimshike mwanangu, nisimwachie.

Nyumbani kwetu, niwaambie, kuna wifi wa aina mbili, wa kwenye simu na wa damu ya mume, na wote wawili hukatika bila kukutaarifu. Siku ile nilimkuta huyu wa damu ya mume amesimama sebuleni, na sanduku la Chiriku liko mlangoni limefungwa. Safari ilikuwa bado wiki nzima.

"Mbona umerudi mapema?" akauliza.

"Mbona sanduku liko mlangoni?"

"Tumeiharakisha safari. Tiketi zimepatikana."

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi anashona kifungo cha sweta la mtoto. Nikampigia magoti. Hapo ndipo nilipokosea, wasomaji wangu, kwa sababu nilikuwa nahema, kilemba kimenidondoka, na nikaanza na neno ambalo sikupaswa kuanza nalo.

"Mama, mimi nimekufa!"

Sindano ikasimama hewani.

"Nani kafa?"

"Mimi, mama. Huko nje. Nimekufa nchi zote isipokuwa hii."

Mama mkwe akamtazama wifi, wifi akamtazama mama. Kuna namna watu wanavyotazamana pale unapofanya kile walichokuwa wanakisubiri.

"Hebu tuonyeshe," wifi akasema, mikono kiunoni.

Nikafungua simu. Kiduara kikazunguka. Ukurasa haupatikani.

"Haufunguki hapa," nikasema. "Unafunguka nje tu."

"Aaa. Unafunguka nje tu." Alirudia polepole, kama anaongea na mwenye homa.

"Ipo picha yake! Hii hapa, mwenzangu kaipiga."

Wifi akaitazama, akacheka kwa pua. "Wewe si unashinda kwenye kompyuta kutwa? Siku hizi hata mtoto wa chekechea anaweza kumvalisha mbuzi suti na picha ikapendeza. Mama, si ulisikia alichosema kaka?"

"Kasema nini?" nikauliza.

Mama mkwe akaweka sindano chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Huyu mama amenisaidia kujifungua, ameniuguza, hajawahi kuninyima chakula. Angekuwa mbaya ningejua la kumfanya.

"Mwanangu," akasema, "mumeo amepiga simu muda huu huu. Amesema upweke umekuingia kichwani. Amesema siku yoyote utaanza kutuambia umekufa. Nikamkatalia, nikamwambia mkamwana wangu ni mzima. Kumbe yeye alikuwa anajua."

Nikakosa pa kushika. Kila neno la kweli nililonalo, mume wangu alikuwa ameshalitangulia mlangoni na kulitia sumu.

Chiriku akatoka chumbani, amevaa viatu vipya. Kwa kawaida angekuwa ameshasema maneno mia. Safari hii alibana midomo.

"Mama," akasema, "nina siri lakini nimeambiwa nisiseme."

"Siri gani, mwanangu?"

"Chiriku!" wifi akafoka. "Nenda nje, teksi imefika."

Nikamshika mkono mtoto. Wifi akamshika mkono wa pili. Chiriku akaanza kulia, katikati, anavutwa kama nguo inayokamuliwa. Nikamwachia. Mama mwenzangu unayesoma utaelewa kwa nini.

"Twende chumbani ukanywe maji," mama mkwe akaniambia kwa sauti ya upole, akinishika kiuno. "Upumzike kidogo. Daktari anakuja kukuona."

Nikaenda. Nilidhani nikitulia atanisikiliza. Niliingia chumbani mbele yake, nikageuka kumwambia, mama, nisikilize. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo ukazunguka kwa nje.

"Nisamehe, mwanangu," akasema nyuma ya mlango. "Ni kwa usalama wako."

Nikapiga ngumi. Nikapiga teke. Halafu nikaacha, maana kila kishindo kilikuwa kinathibitisha maneno ya mume wangu.

Dirisha langu lina nondo. Kwa nje niliiona teksi imesimama mbele ya geti, injini inanguruma. Chiriku alikuwa kiti cha nyuma, pua imegandana na kioo. Kiti cha mbele alikaa mwanaume mwenye kofia, mgongo wake upande wangu. Nilidhani ni rafiki wa dereva.

"Chiriku! Shuka!"

Alinisikia. Akainua mkono. Wifi akatokea, akamwambia kitu, mkono ukashuka.

Lakini gari halikuondoka. Wifi alirudi ndani mbio, nikamsikia mlangoni kwangu.

"Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiko wapi?"

Nikatulia. Kilikuwa humu humu, kwenye begi langu la nguo.

"Ninacho."

"Kipitishe chini ya mlango."

"Fungua uchukue."

Wifi yangu ana maneno mengi, lakini mwili wake mdogo na ananijua. Nikasikia kandambili zake zinaondoka.

Simu ikatetemeka. Nilikuwa nimeibana kifuani, na katika zogo lile hakuna aliyekumbuka kuninyang'anya. Namba ilikuwa ndefu, ya nje.

"Halo?"

Ikaja sauti ya mwanamke, ya chini, yenye Kiswahili cha mtu aliyekaa mbali miaka mingi.

"Samahani. Naongea na pacha, au naongea na marehemu?"

Nikakaa kitandani.

"Wewe ni nani?"

"Ndiye niliyeandika kwamba nitamlea kama wangu. Nilikuwa nasoma pole za watu nikauona ujumbe wako. Nikanakili namba. Nilipoangalia tena umefutwa, na wewe umeshakuwa pacha. Nimekaa hapa nawaza. Mtu akisingiziwa hakimbilii kufuta. Anacheka kwanza."

"Dada, sina pacha."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Niambie jambo ambalo pacha hawezi kulijua."

Nikafunga macho.

"Kisigino cha kulia. Ana kovu la cheche ya kuchomelea. Atakuwa amekwambia aliumia kwenye mpira, kwa sababu huwa anaona aibu. Siku ile alikuwa amevaa kandambili kazini. Na akilala usingizi mzito anasaga meno, mpaka umguse shavu ndipo anaacha."

Nikasikia anavuta pumzi, kisha anaitoa vipande vipande.

"Shavu," akasema. "Nilidhani hilo nimeligundua mimi."

Tulikuwa wanawake wawili, tumeshikilia simu moja kila mtu upande wake. Kisha nikasema, "Mzuie. Wanamchukua mwanangu sasa hivi. Mwambie huyo mwanaume wako amwache mtoto wangu."

"Siwezi kumwambia. Hayupo hapa."

"Yuko wapi?"

"Si yuko huko kwenu? Aliondoka juzi. Aliniambia anakwenda kumchukua mtoto kwa bibi yake. Na kuliaga kaburi lako."

Nikasimama. Nikaenda dirishani.

Chiriku alikuwa bado kiti cha nyuma. Dereva yuko kwenye usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na mlango wake uko wazi.

Ndani ya nyumba nikasikia hatua za viatu vizito. Nikamsikia mama mkwe anasema, "Taratibu baba, usimtishe." Ufunguo ukazunguka.

"Dada," nikamnong'oneza, "usikate simu. Hata usikie nini, usikate."

Mlango ukafunguka, akaingia mume wangu; kumbe ndiye ile siri ya Chiriku. Alikuwa amenenepa, ananukia manukato ya bei, na ile kofia ameishika mkononi kama mtu anayeingia kutoa pole. Miaka mitatu. Hakuniuliza hali. Mkono wa pili alikuwa na simu yenye laini ya kule, ile inayomfungulia mshumaa wangu hata akiwa hapa.

"Usipige kelele, mtoto atasikia," akasema. "Nipe cheti niondoke. Hakuna atakayekudhuru."

Nilimtazama. Kumbe mtu anaweza kukuzika na bado akakuomba karatasi kwa sauti ya upole.

Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wangu. Akaona simu. Akaona mwanga wake.

"Unaongea na nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikaiona hofu kwa mtu ambaye si mimi. Nikaweka sauti ya nje. Nikamnyooshea simu mpaka karibu na kidevu chake.

"Kuna mtu anauliza kaburi langu liko wapi," nikasema. "Mwelekeze."